Njaa Si Ujinga

Lile bango mnalijua. Liko ukutani kwenye vituo vya afya, kambini na hata huku mjini. Lina mafungu matatu ya chakula: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kulinda mwili. Kwa Kinyarwanda wanasema ibitera imbaraga, ibyubaka umubiri, ibirinda indwara. Fungu la kwanza limechorwa mahindi, mihogo, viazi na mchele. La pili lina maharage, samaki, mayai na maziwa. La tatu lina lenga-lenga, karoti, machungwa na mapapai. Pembeni kuna mama anatabasamu, na mtoto wake amenona.

Mimi nasema bango hili linatupotosha. Sisemi aliyelichora alikuwa na nia mbaya. Nasema amechora kuta tatu ambazo ndani ya mwili hazipo, na nyuma ya kuta hizo watu wengi wamejificha. Mgao ukikatwa, tunaambiwa "vyakula vya kutia nguvu bado vipo". Mtoto akikonda, tunaambiwa "mama hajui lishe bora". Maneno hayo mawili yanasaidiana kama ndugu wa tumbo moja. Hebu tuyatazame kwa hesabu, kwa sababu hesabu haina huruma wala haina chuki.

Tuanze na nguvu yenyewe. Kalori tunayotajiwa kwenye mafunzo ni kipimo, kama vile lita ni kipimo cha maji. Inapima moto ambao chakula kinaweza kutoa. Gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4. Gramu 1 ya protini hutoa 4 pia. Gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Umeona? Protini, ambayo bango limeifungia kwenye chumba cha "kujenga", nayo huungua sawasawa na wanga. Na mafuta, ambayo kwenye mabango mengi ni kichupa kidogo kwenye kona, yana moto mara mbili na zaidi.

Bugali ukifika tumboni na kusagwa, unageuka glukosi, yaani sukari ndogo inayotembea na damu. Seli za mwili huichoma polepole kwa hewa tunayovuta. Ndiyo maana ukipanda mlima unahema. Glukosi iliyobaki huwekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli, lakini akiba hiyo ni ndogo, ni kama ya siku moja. Kinachozidi hapo hugeuzwa mafuta, na mafuta ndiyo ghala la muda mrefu. Protini je? Protini haina ghala. Narudia kwa sababu ndipo pana siri yote: protini haina ghala. Protini yote uliyo nayo iko kazini. Ni msuli, ni ngozi, ni damu, ni askari wanaopigana na malaria na kikohozi. Mwili ukitaka kuichoma, lazima ubomoe kitu.

Na utabomoa tu, kwa sababu ubongo haungoji. Ubongo wa mtu mzima hula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu anayotumia mwili akiwa amepumzika, hata usingizini. Wa mtoto mdogo hula sehemu kubwa zaidi. Chakula chake cha kawaida ni glukosi, na glukosi isipotoka kwenye sahani, ini litaitengeneza kutoka kwenye protini. Nyumba isiyo na kuni inapika kwa nini? Inavunja kiti. Kiti kikiisha, inang'oa mlango.

Sasa tuje kwenye mgao. Chukua mfano wa mtu mmoja kwa siku moja: unga wa mahindi gramu 400, maharage gramu 120, mafuta gramu 30. Unga unatoa kama kalori 1,400, maharage 400, mafuta 270. Jumla inakaribia 2,100, na hiyo ndiyo namba ambayo mashirika yenyewe hupangia chakula cha mtu mmoja wakati wa dharura. Viwango vya Sphere, ambavyo wafanyakazi wa misaada wanavijua vizuri, vinaongeza kwamba asilimia 10 hadi 12 ya nguvu hiyo itoke kwenye protini na asilimia 17 itoke kwenye mafuta.

Machi 2021, fedha za wafadhili zilipopungua, Mpango wa Chakula Duniani, yaani WFP, ulikata msaada wa wakimbizi wa kambi za Rwanda kwa asilimia 60. Mtu aliyekuwa akipata faranga 7,600 kwa mwezi alibaki na 3,040. Tuseme bei za sokoni hazikupanda hata faranga moja, jambo ambalo kila anayekwenda sokoni atalicheka. Asilimia 40 ya 2,100 ni 840. Mwanamke wa kilo 55, akilala kitandani kutwa nzima bila kunyanyua hata kijiko, moyo wake, mapafu yake na ubongo wake tu vinahitaji zaidi ya 1,200. Yaani mgao ule haukutosha hata kulala.

Halafu mwalimu wa lishe anakuja, anasimama mbele ya akina mama, anasema: "Msisahau maharage, yanajenga mwili." Yanajenga mwili wa nani? Mwili wenye upungufu wa nguvu huyachukua maharage hayo na sehemu kubwa huyatupa motoni. Ukikata unga, umekata na maharage, hata kama maharage yako palepale kwenye sufuria. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ambayo bango haliisemi: bila nguvu ya kutosha, hakuna chakula cha kujenga mwili.

Siyo ugunduzi wangu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, wataalamu wa dunia walishikilia kwamba shida kubwa ya watoto maskini ni protini. Wakatengeneza unga wa protini wa kila aina. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba kazi hiyo ilikuwa kosa kubwa, kwamba watoto wengi walikuwa wamekosa chakula chenyewe, nguvu yenyewe. Miaka hamsini imepita. Bango bado liko ukutani.

Kanuni ya pili inakwenda upande mwingine, kwa hiyo mtu asije akasema basi tupewe mahindi tu ilimradi kalori zitimie. Hilo nalo limeshajaribiwa, na waliojaribiwa walikuwa wakimbizi kama sisi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakila mgao wa mahindi, na karanga zilikuwa sehemu muhimu ya mgao huo. Karanga zilipokatika, zaidi ya watu 17,000 waliugua pelagra ndani ya miezi michache. Ngozi ya mikono na shingo inababuka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Mahindi yalikuwapo! Kilichokosekana ni niasini, vitamini ambayo kila seli huihitaji ili kutoa nguvu kwenye glukosi. Mahindi yanayo, lakini imefungwa humo kiasi kwamba tumbo letu haliwezi kuifungua. Watu wa Meksiko huchemsha mahindi na chokaa, na chokaa huifungua. Sisi hatuna desturi hiyo, kwa hiyo kwetu karanga zilikuwa ufunguo.

Vivyo hivyo na madini ya chuma, yanayopatikana kwenye maharage, majani na nyama. Chuma kikipungua, damu haibebi hewa ya kutosha, na moto bila hewa hauwaki. Mama mjamzito anaweza kula bugali mpaka ashibe na bado akachoka kama aliyefunga. Kwa hiyo "vyakula vya kulinda mwili" havilindi mwili tu. Ni sehemu ya jiko. Ukiviondoa ukasema nguvu imebaki, umemwachia mtu makaa ukamnyang'anya kiberiti.

Ya tatu ni mafuta, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana anayeumia ni mtoto.

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 10 anaweza kupokea kama mililita 300 kwa mlo mmoja, si zaidi. Sasa mpe uji mwepesi, kikombe cha mililita 250 chenye gramu 25 za unga. Amepata kalori 90 hivi, na amejaa mpaka anasukuma kikombe. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya vizuri anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka nje ya ziwa la mama. Piga hesabu: vikombe sita vya uji ule! Nani ana kuni za kupika mara sita, na mtoto gani atakunywa vyote sita? Lakini tia vijiko viwili vidogo vya mafuta kwenye kikombe kilekile. Umeongeza kalori 80. Karibu umeuzidisha mara mbili, na tumbo halijaongezewa mzigo. Tia gramu 15 za unga wa karanga, umeongeza kama 85, tena na protini kidogo juu yake.

Kwa hiyo mafuta kwenye sahani ya mtoto si anasa, si kiungo, si ladha. Ndiyo njia pekee ya kupitisha nguvu nyingi kwenye mlango mdogo. Lakini pesa ikipungua, kitu cha kwanza kutoka kwenye kikapu ni nini? Mafuta. Cha pili? Karanga na sambaza. Unabaki unga. Tumbo linajaa, mama anapumua, na mtoto anakonda huku ameshiba.

Na msiniambie kwamba mashirika hayajui. Yanajua vizuri kabisa. Mtoto akishafika kwenye hatari, kipimo cha mkono kikiingia kwenye nyekundu, anapewa nini? Anapewa ile pakiti ya Plumpy'Nut iliyobuniwa mwaka 1996 na Wafaransa André Briend na Michel Lescanne. Ina gramu 92 na kalori 500. Ndani yake mna karanga, mafuta, sukari, unga wa maziwa, vitamini na madini. Zaidi ya nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta. Ni dawa nzuri sana, imeokoa watoto wengi, na ninaishukuru. Lakini tazameni vizuri: ni karanga na mafuta! Vitu vilevile ambavyo mgao uliokatwa ulivitoa sahanini. Yaani mtoto ananyimwa karanga mpaka akaribie kufa, kisha anarudishiwa karanga kwenye pakiti, na mama yake anapewa somo juu.

Naja kwenye neno lingine tunalolisikia sana: kwamba wakimbizi ni wavivu, wanakaa tu mbele ya nyumba, hawachangamkii miradi. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe. Kwa miezi sita aliwalisha chini kidogo ya kalori 1,600 kwa siku, viazi, mkate na kabeji. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Na tabia zao? Walipoa. Waliacha kucheka, waliacha kusoma, walikaa, waliona baridi, waliota chakula, walikasirika kwa kijiko. Walikuwa na vitanda, madaktari na tarehe ya mwisho. Hakuna aliyewaita wavivu, waliandikiwa kitabu. Mtu wa kambini aliyepewa 840, bila tarehe ya mwisho, anaandikiwa ripoti kwamba "hana ari ya kujitegemea".

Ndugu zangu wa Kiziba, Mahama na Nyabiheke, najua pia mnavyotuwazia sisi wa Kigali. Mnadhani mtu akifika Batsinda ameshakula. Huku mjini kwa kawaida hatumo kwenye mgao; tunaambiwa tujitegemee. Sawa. Lakini kujitegemea nako kunalipwa kwa kalori. Nyumba za mradi za Batsinda zilijengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Kiyovu cy'Abakene, katikati ya mji, miaka ya 2007 na 2008. Walipata paa zuri, lakini kazi zao zilibaki kule mjini. Tangu hapo maskini wa Batsinda, Mnyarwanda au mkimbizi, analipa umbali huo kwa nauli au kwa miguu. Saa moja ya kutembea hula kalori 200 na kitu. Weka beseni la ndizi kichwani, weka mlima, inapanda sana. Mama anayetembeza bidhaa kutwa anaweza kuuza, akanunua unga, na jioni akawa ametumia nguvu zaidi ya ile aliyoileta nyumbani. Siku moja haimuui. Mwaka mmoja unamla msuli.

Haya, wa mashirika nimewasema. Sasa na sisi, maana nasi tuna kuta zetu.

Kwetu mtu husema: "Nguvu iko mu bugali, ingine yote ni kupamba sahani." Hapana. Bugali ni moto mzuri, lakini nimekwisha kuonyesha kwamba peke yake unafika mahali unakwama. Tena, wengine wetu tunakatwa na mgao, kisha tunakatana wenyewe nyumbani. Sambaza tatu zikipikwa, mbili zinakwenda kwa baba, moja kwa mgeni, na mtoto anapewa mchuzi. Mtoto ndiye anayejenga mwili, baba ameshajengwa. Baba mwenye akili atagawa kinyume.

Na hizi chupa za "nguvu" zinazouzwa kila kioski? Soda ya mililita 300 ina kalori 120 na kitu, zote sukari. Inawaka kama majani makavu na kuzimika. Vile vinywaji vya kukesha vina kafeini, na kafeini haitii nguvu hata chembe. Inamchapa punda aliyechoka. Gramu 50 za karanga zina kalori karibu 285, na protini gramu 12 hivi. Ukiwa na faranga chache mkononi, hapo hakuna mjadala.

Tujifunze kununua kwa hesabu badala ya kwa macho. Kilo ya unga wa mahindi ina kama kalori 3,500. Kilo ya maharage makavu, 3,300. Kilo ya karanga, 5,700. Kilo ya viazi vitamu, 900 tu, kwa sababu vimebeba maji mengi. Lita ya mafuta, kama 8,100. Maana yake lita moja ya mafuta ina nguvu sawa na kilo 2 na robo za unga na zaidi kidogo. Usiogope bei ya chupa. Ilinganishe na bei ya unga huo, ndipo uamue. Maharage yaloweke usiku kucha, makaa yatapungua. Uji wa mtoto uwe mzito, utiwe mafuta au karanga. Ukipata sosoma, yenye soya, mtama na mahindi, bora zaidi. Haya tunaweza leo. Lakini hayageuzi 840 kuwa 2,100, na asiwepo mtu wa kuyachukua maneno yangu haya akayafanya somo jipya la kutunyamazishia.

Najua jibu la ndugu zetu wa mashirika, na si jibu la uongo: fedha hazipo, wafadhili wamekata, nasi hatulali. Wengi wenu mnasema hivyo kwa uchungu wa kweli. Basi semeni hivyo. Semeni "tumekata nguvu ya watu chini ya ile ya kulala kitandani". Neno "kupunguza msaada" halisemi hivyo, na "kulenga wenye uhitaji zaidi" halisemi hivyo. Mfadhili anayesoma asilimia haoni mtu. Akisoma kwamba mama hana nguvu ya kumnyanyua mtoto wake, huenda akasoma mara ya pili.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni.

Kwanza: kila tangazo la kiasi cha pesa kwa mwezi liandikwe pamoja na hesabu yake, kwamba pesa hii, kwa bei za soko la wiki hii karibu na kambi hii, inanunua kalori ngapi, gramu ngapi za protini, gramu ngapi za mafuta. Ibandikwe palepale penye bango.

Pili: pesa ikipungua, mafuta na karanga za watoto chini ya miaka mitano viwe vya mwisho kuguswa. Ni nafuu kuliko pakiti za baadaye, na ni heshima zaidi.

Tatu: mafunzo ya lishe yasianze na "mnatakiwa kula", yaanze na "mna kiasi gani". Mwalimu apewe faranga zilezile, aende sokoni, apike, kisha aje afundishe alichoweza kununua.

Likifanyika hilo, bango libaki ukutani, sina ugomvi na picha. Ila watu wote watajua kwamba mama anayepika bugali mtupu hakukosa somo. Alikuwa na hesabu mbele yake kabla hatujaiandika sisi, na aliimaliza vizuri kuliko ofisi yoyote: alinunua kilichoshibisha wengi kwa pesa iliyokuwapo.